Mume wangu askari wa Marekani asema akiniandikisha atakatwa mshahara

BARUA

Mama, salamu kutoka Nakuru.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, umri wangu miaka 27. Mume wangu alikwenda Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza kabla hatujajuana. Alifanya kazi za ghala Dallas, baadaye akajiunga na jeshi la nchi kavu. Sasa yuko kambi ya Fort Bliss, El Paso, na cheo chake wanakiita Specialist. Tulijuana alipokuja kumzika babake, na Desemba 2023 alirudi likizo tukafunga ndoa kwa msajili wa ndoa Nairobi. Cheti ninacho. Mtoto wetu wa kike alizaliwa Septemba 2024.

Hunitumia shilingi 15,000 kwa mwezi. Mwezi mzuri 20,000. Nikitoa kodi ya nyumba na pesa ya dada wa kazi, hazifiki tarehe 12. Mtoto alipolazwa kwa nimonia nililipa kwa mkopo wa chama, na bado naulipa. Nikimuuliza, ananiambia mshahara wa jeshi ni mdogo watu wasivyojua, na kwamba kazini ameandikwa kuwa hajaoa, kwa sababu wakijua ana mke watamkata pesa.

Sasa binamu yake aliyeko Dallas ameniambia kwenye simu kuwa mke wa mwanajeshi wa Marekani hulipwa mshahara wake mwenyewe na serikali, na kwamba yangu "inaliwa". Nilipomfikishia mume wangu maneno hayo aliwaka, akasema hakuna mke yeyote anayelipwa, na tukakaa wiki nzima hatuongei. Wakati huohuo nyumba ya mama mkwe kule Subukia imefika kwenye lenta.

Mama, naomba unieleze ukweli. Wake hulipwa au hawalipwi? Anapata kiasi gani hasa? Na je, nimwandikie mkubwa wake? Naogopa nikifanya hivyo atafutwa kazi, halafu hata hizo 15,000 nizikose.

Mke wa Askari, Nakuru


JIBU

Mwanangu, pole kwa mtoto kuugua, na pole kwa mkopo wa chama.

Hilo la kukatwa mshahara si kweli. Nimefanya kazi ya makaratasi ya malipo katika jeshi hilohilo kabla ya kustaafu, na ninakuambia bila kigugumizi: askari akiandikisha mke, pesa zake huongezeka. Na binamu naye kakosea, ingawa kosa lake lina chembe ya ukweli ndani yake, nami nitaifikia.

Malipo ya askari wa Marekani hayaji kama fungu moja. Kuna mshahara wa msingi, unaotegemea cheo na miaka ya utumishi tu. Mwenye mke na asiye na mke hulipwa sawa. Specialist yuko daraja la E-4, na akipita miaka miwili kazini mshahara huo ulikuwa kidogo zaidi ya dola 3,180 kwa mwezi kwa viwango vya Aprili 2025. Mwaka huo askari wa madaraja ya chini waliongezwa asilimia 4.5 mwezi Januari pamoja na wenzao, kisha asilimia 10 nyingine mwezi Aprili, baada ya Bunge lao kuona aibu ya askari wachanga kupanga foleni za chakula cha msaada. Kuna posho ya chakula, BAS, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 465.77, lakini askari anayekaa mabwenini na kula kwenye jiko la kambi hukatwa sehemu kubwa ya hiyo hiyo kulipia milo.

Halafu kuna posho ya nyumba, BAH. Hapo ndipo penye shida yako. Askari wa E-4 asiye na mke wala mtoto hupewa kitanda mabwenini na kwa kawaida hapati posho hii. Akioa na kuandikisha mke, anaipata, kwa kiwango cha mwenye wategemezi, kikipimwa kwa kodi za nyumba za mahali anapofanyia kazi. Mke hata akiwa Nakuru, hesabu hufuata El Paso. Kwa daraja lake pale ni zaidi ya dola 1,000 kila mwezi, na haitozwi kodi ya mapato.

Kwa hiyo kama kweli ameandikwa kuwa hajaoa, basi tangu Desemba 2023 mume wako anaacha mezani zaidi ya shilingi 130,000 kila mwezi ili asikatwe pesa. Ebu mrudishie maneno hayo polepole, usikie atasema nini.

Sasa hesabu uliyoniuliza. Kwenye ile 3,180 hukatwa kodi ya serikali kuu, makato ya hifadhi ya jamii na afya ya wazee ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65, bima ya maisha isiyozidi dola 31, na akiba ya uzeeni. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Askari wa daraja lake anayelala mabwenini hubaki na kama dola 2,500 mkononi, mia moja au mbili juu au chini. Kwa shilingi hiyo ni zaidi ya 300,000, naye halipi kodi ya nyumba, halipi umeme, halipi daktari. Wewe unapata dola 116.

Lakini usiirukie simu bado. Nimewaona vijana wengi wetu wakianza kazi hiyo, na pesa zao zinakwenda njia mbili. Moja ni nyumbani: mama, karo ya wadogo, matibabu, na ile nyumba ya Subukia. Hilo sitamlaumu mtu. Baba yao amekufa, na mama mkwe wako hakumzaa huyo kijana ili alale kwenye mabati ya kutu. La pili ni gari. Nje ya kila kambi ya Marekani pana wauza magari wanaomkopesha kijana wa miaka 22 gari la dola 45,000 kwa riba ya kutisha, kwa sababu wanajua mshahara wake hautakosa tarehe 1 na tarehe 15. Kuna sheria inayozuia mikopo ya askari kuvuka asilimia 36 kwa mwaka, ila mkopo wa kununulia gari, gari lenyewe likiwa dhamana, haumo. Kabla hujawaza mwanamke mwingine, muulize anaendesha nini.

Kitu kimoja usimguse: ile akiba ya uzeeni, TSP. Walioingia jeshini tangu Oktoba 2020 huanza kukatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi bila kuulizwa, na baada ya miaka miwili serikali inaweka asilimia 5 nyingine juu yake. Ukimshinikiza aisimamishe ili akutumie zaidi, mtakuwa mmekataa pesa za bure wote wawili.

Nirudi kwa binamu. Serikali ya Marekani haimlipi mke mshahara. Posho ya nyumba huingia kwenye akaunti ya askari, kwa jina la askari. Chembe ya ukweli ni hii: jeshi la nchi kavu lina kanuni, namba yake AR 608-99, inayomlazimisha askari kuitunza familia yake. Kama hakuna makubaliano ya maandishi kati ya mume na mke wala amri ya mahakama, kanuni inataja hata kiwango cha chini cha kutoa, nacho kimefungwa kwenye jedwali la posho ya nyumba. Si hisani. Na anayepokea posho kwa jina la mke huku hamtunzi anaweza kuzuiliwa posho hiyo na kudaiwa aliyokwisha kupokea.

Basi swali la kumuuliza mume wako si "unalipwa ngapi". Muulize hivi: jina langu na la mtoto yamo DEERS? Hiyo ndiyo daftari ya jeshi ya askari na familia zao, na kila kitu kingine huning'inia hapo. Usipokuwa humo, kwa macho ya jeshi hujazaliwa. Ukiwa humo, una bima ya afya, una kitambulisho siku utakapofika, una msaada wa bure wa wakili wa jeshi, una jina la kutajwa akipatwa na jambo.

Kukuandikisha hakuhitaji uwe Marekani. Anahitaji cheti cha ndoa cha asili, cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina lake kama baba, nakala ya pasipoti yako, na kutia sahihi fomu ya DD 1172-2 kwenye ofisi ya vitambulisho hapo kambini. Huna namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na hilo si kikwazo. Mke wa kigeni hupewa namba ya muda. Bahati yako ni kwamba ulifunga ndoa kwa msajili. Kila mwaka kuna wanawake wanaoniandikia wakiwa na picha za ruracio, yaani sherehe ya mahari, na video ya mbuzi, na sina la kuwaambia ila wakaisajili kwanza ndoa ya kimila, kama Sheria ya Ndoa ya 2014 inavyotaka, ndipo warudi kwangu. Ofisa wa DEERS hatazami video.

Kuhusu miezi iliyopita: ofisi ya malipo hutazama tarehe iliyo kwenye cheti cha ndoa, si siku askari alipokumbuka kukileta. Anaweza kudai ya nyuma. Ataulizwa maswali kwa kuchelewa, na ataombwa kuonyesha kuwa alikuwa akikutunza, kwa hiyo zile jumbe zako za M-Pesa usizifute.

Akikujibu kwamba umo au humo, omba kuona LES. Ni hati ya malipo ya kila mwezi, ukurasa mmoja, anaipata kwenye simu yake kupitia mtandao wa myPay. Usimwombe neno la siri. Mtu mzima hatoi neno la siri la mshahara wake, na wewe hulihitaji. Aipige picha, afunike namba ya hifadhi ya jamii, aitume. Upande wa kushoto kuna orodha ya anachopewa: msingi, BAS, na BAH kama ipo. Katikati kuna makato. Upande wa kulia kuna pesa alizoagiza zitumwe kwingine moja kwa moja kutoka kwenye mshahara; za mama mkwe utaziona hapo, kama amezipanga kwa utaratibu huo. Mkopo wa gari usiutafute humo, kwa sababu tangu 2015 jeshi haliruhusu gari jipya kulipiwa kwa njia hiyo. Shuka chini utafute kisanduku cha BAQ DEPN. Kinaonyesha ni mtegemezi gani aliyeifanya posho ipandishwe. Kama ni mke, utasoma SPOUSE au alama ya A. BAH ikiwepo na alama ya mke ikiwepo, na wewe umeambiwa hujaandikishwa, basi kuna mke.

Nisikutishe; huenda mke huyo ni wewe, na ameificha posho kwa sababu saruji ya Subukia inaila. Ni uongo, ila ni uongo wa nyumbani, unaozungumzika. Lakini kuna jambo jingine ambalo limewahi kuwapeleka askari mahakamani: kijana anamwoa mtu kwa makaratasi tu, mara nyingi askari mwenzake anamtafutia, wanagawana posho ya nyumba, na anatoka mabwenini akapange. Wapelelezi wa jeshi wanaijua michezo hiyo, na adhabu huanzia kurudisha pesa hadi kifungo na kufukuzwa kwa rekodi mbaya. Mtu aliyejifunga hivyo hawezi kumwandikisha mke wake wa kweli. Angepatwa na hofu gani akisikia unataka uandikishwe? Hofu inayofanana sana na kuwaka kwenye simu.

Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Wengi wanaosema "nitakatwa" wamedanganywa na wenzao wa bwenini, au wanaona uvivu kushika foleni ya ofisi ya vitambulisho. Ila ikigeuka kuwa kuna jina jingine, simama hapo. Usimtumie cheti cha asili, usitie sahihi karatasi yoyote, na mwone wakili Nakuru kabla hujaongea naye tena. Ndoa ya msajili Kenya ni ya mke mmoja, na cheti chako kina tarehe.

Bima ya maisha sasa, maana hukuiuliza na ni kubwa kuliko yote. Kila askari huwekewa SGLI, ambayo tangu Machi 2023 inafika dola 500,000. Siku anaingia jeshini alikuwa hajaoa, kwa hiyo ni karibu hakika kwamba aliandika jina la mama yake. Ndoa haibadilishi hilo. Wosia haubadilishi hilo. Hulipwa aliyeandikwa, basi. Pia kuna dola 100,000 zinazotolewa haraka askari akifa kazini, nazo hufuata majina aliyoyaandika kwenye fomu ya DD 93. Mjane ana malipo yake ya kila mwezi kisheria, ambayo mwaka 2025 yalikuwa dola 1,653.07, na nyongeza kwa mtoto, hayo hayategemei nani kaandikwa. Usimwambie amfute mama yake, kwa sababu maneno hayo yatafika Subukia kabla hujaweka simu chini. Mwambie asilimia zinagawanyika, na kubadilisha hufanyika mtandaoni kwa dakika chache. Mtoto wako ana haki ya kufikiriwa kwenye hizo asilimia.

Matibabu: mkiingia DEERS, wewe na mtoto mnapata bima ya Tricare hata mkiwa Kenya. Haifanyi kazi kama SHA. Mnalipa hospitalini kwanza, mnadai baadaye, na madai ya nje ya Marekani hupewa miaka mitatu. Wanataka risiti yenye maelezo ya ugonjwa na uthibitisho kwamba ulilipa kweli, kwa hiyo usikubali kuondoka dirishani na karatasi isiyo na muhuri. Bili ya nimonia ihesabu kuwa imekwenda. Ya homa ijayo isiende.

Na muulize kuhusu uraia. Mwenye kadi ya kijani akiwa jeshini hasubiri miaka mitano kama raia wengine watarajiwa. Tangu vita vya 2001 anaweza kuomba akiwa na utumishi mwema wa hata siku moja, bila ada, kwa fomu ya N-400 na nyingine ya N-426 inayothibitishwa na jeshi. Kenya nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, hatapoteza kitu. Kama bado hajaomba, anawachelewesha ninyi: mke wa mwenye kadi ya kijani hupanga foleni ya viza, mke wa raia hapangi. Ila kuna mtego hapo unaowanasa wengi. Raia akimwombea mke, mtoto hafuati ndani ya ombi la mama. Lazima ajaziwe fomu yake mwenyewe ya I-130. Nimeona mama amepewa viza pale ubalozini Gigiri na mtoto akabaki kwa nyanya mwaka mzima kwa sababu ya fomu moja.

Umeuliza kama umwandikie mkubwa wake. Si leo. Mpe kwanza nafasi: zungumza naye siku isiyo ya ugomvi, uombe mambo mawili tu, DEERS na LES, na umpe muda wa mwezi mmoja wa kupeleka makaratasi. Hatafutwa kazi kwa kuoa, na hatafutwa kwa kuchelewa kuandikisha. Kinachoweza kumwangusha ni posho iliyopatikana kwa uongo, na kama ipo, hukuitengeneza wewe.

Mwezi ukipita na majibu ni yaleyale, andika. Barua humwendea kamanda wa kombania yake, si jenerali; jina la kikosi litafute kwenye anwani ya vifurushi alivyowahi kukutumia. Iandike kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, bila matusi na bila ya mama mkwe. Sema mlioana lini na wapi, mtoto kazaliwa lini, ametuma kiasi gani kila mwezi tangu ndoa, na kwamba unaomba atunze familia kwa mujibu wa AR 608-99 na kuwaandikisha DEERS. Kamanda anatakiwa akujibu ndani ya siku 14. Ambatisha nakala za vyeti viwili na za jumbe za M-Pesa. Vya asili vibaki kabatini kwako.